Gari isiyo na dereva ikifika stendi yetu, nani atapanda?

Kijana wa Ipuli (mleta mada)
Wadau habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua naomba tukijadili. Wenzetu Marekani wana teksi za Waymo, ule mradi ulioanzia Google mwaka 2009, zinabeba abiria Phoenix na San Francisco na kiti cha dereva hakina mtu, usukani unazunguka wenyewe. China nako mji wa Wuhan teksi za Baidu zisizo na dereva ziko mtaani. Kwa hiyo gari inaweza, hilo mimi sibishani nalo. Ninachouliza ni kwa nini watu hawazitaki. Kule Marekani chama cha wenye magari, AAA, kila mwaka kinauliza wananchi na kila mwaka zaidi ya nusu wanajibu wanaogopa. Wakati huohuo WHO wanasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na karibu wote hao gari iliyowaua ilikuwa na dereva. Yaani dereva aliyekesha hatumwogopi ila kompyuta isiyosinzia tunaiogopa. Mimi naona shida iko kichwani tu. Na huku kwetu ndio itakuwa balaa zaidi, hiyo gari ikipita bila mtu ndani, hasa kwa ndugu zetu wa Kigoma, watasema imetumwa na mganga ataitwa kabla ya trafiki. Nawasilisha.

Mwisho wa Reli
Ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Kwani kikitajwa kitu cha ajabu lazima Kigoma iwekwe na uganga pembeni? Mimi mtoto wa Mwanga, nimesoma Kasulu, nimefanya kazi Dar, na kila ofisi ukisema unatoka Kigoma mtu anakuvuta pembeni anakuuliza kama una mzee mzuri wa dawa. Tumechoka na hii kitu. Alafu nikukumbushe, Februari 2024 watu wa San Francisco waliizunguka gari ya Waymo, wakavunja vioo, wakarusha fataki ndani ikaungua yote. Mwaka mmoja nyuma wengine hapohapo walikuwa wanaweka koni za barabarani juu ya boneti ili gari ishindwe kuondoka. Huko hakuna Muha hata mmoja. Walioichoma wana intaneti na vyuo vikuu kuliko wewe na mimi. Sasa niambie na wao mganga wao yuko wapi.

Mnyamwezi wa Cheyo
Kaka punguza jazba huo ni utani tu. Hata sisi Tabora tunaambiwa mambo mengi.

Mwisho wa Reli
Utani una watani wake, na mimi na mleta mada hatujuani. Mtu ananyimwa nyumba ya kupanga kwa ajili ya huo mnaouita utani.

Binti Urambo
Naomba turudi kwenye gari. Mimi ningepanda, tena kesho. Nyie wanaume mnaongelea hofu ya kompyuta kwa sababu hamjawahi kupanda teksi saa nne usiku peke yenu mkiwa mwanamke. Dereva anakuuliza umeolewa, anakuuliza unakaa na nani, anageuza kioo cha ndani anakutazama wewe badala ya barabara, ukikaa kimya anakwambia unaringa. Gari ambayo haina wa kuniuliza maswali kwangu mimi ni usalama tayari. Kwa hiyo mkisema "watu wanaogopa", tajeni na watu gani, maana hofu ya mwanaume na ya mwanamke barabarani sio moja.

Bi Ujiji
Mdogo wangu Binti Urambo nimekusikia na ni kweli kabisa wanasumbua. Ila mimi nasafirisha dagaa na mawese miaka mingi, nikiachiwa gari tupu usiku ikaharibikia porini, nani anashuka kuangalia tairi? Wakija watu wabaya nani anakanyaga mafuta kupita katikati yao? Hiyo gari ikiona mtu mbele inasimama, hata kama huyo mtu kashika panga. Dereva wangu wa siku zote namjua mpaka kwao, mzigo wangu ukipotea najua mlango wa kugonga. Mnaita hofu ya kichwani, mimi naita kujua nasafiri na nani.

Fundi Waya wa Isevya
Bi Ujiji umegusa penyewe na wala sio uoga. Mimi nafanya umeme wa magari. Zile gari zinaona kwa kamera, rada na leza inayozunguka kupima umbali, na pale mjini wanapozitumia wameshachora ramani ya barabara nzima mpaka kimo cha ukingo. Sasa leta huku. Lori likiharibika usiku, dereva anakata matawi anayapanga barabarani, wewe ukiona majani kwenye lami unapunguza mwendo kabla hata hujaliona lori. Gari ya Phoenix ikiona majani itajua yanasema nini? Dereva anayekuja mbele akikupigia taa mara mbili, unajua ama kuna tochi ya trafiki ama kuna ng'ombe. Vumbi la kiangazi ukiwa nyuma ya lori hata wewe mwenye macho huoni kitu. Ndio maana nasema mtu wa huku akikataa kupanda, kwa leo yuko sahihi kabisa na wala hana ugonjwa wa kichwa.

Kijana wa Ipuli (mleta mada)
Fundi sijasema ije mwezi ujao, majani itafundishwa kama alivyofundishwa dereva. Na hili la kusema hatuwezi kumwamini kitu kisicho na mtu sio kweli. Metro ya Dubai tangu 2009 inatembea bila dereva, na wafanyabiashara wetu wa kutoka Kariakoo mpaka Kigoma wakienda kufunga mzigo wanaipanda na mabegi yao, hujawahi kusikia mmoja kashuka kwa hofu. Hapo jirani Rwanda toka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zinapeleka damu hospitali. Mbona hizo hatuziogopi? Ni mazoea tu.

Fundi Waya wa Isevya
Metro ina reli yake peke yake, hakuna punda anayevuka. Na ile ndege imebeba damu, haijabeba mama yako.

Mwalimu wa Nguruka
Mleta mada, hilo neno "kichwani tu" ndilo linalopotosha mjadala wote, unalisema kana kwamba hofu ni ujinga na mtu akisoma itamtoka. Hii kitu ina watu walioichunguza muda mrefu. Mwaka 1969 Mmarekani Chauncey Starr aliandika kwamba hatari mtu aliyoichagua mwenyewe anaikubali hata ikiwa kubwa kama mara elfu moja kuliko ile aliyotwishwa na wengine. Ndio maana hapa Nguruka kijana anapanda bodaboda mshikaki, hana kofia, anacheka, alafu huyohuyo mnara wa simu ukijengwa karibu na kwao anaandamana. Bodaboda kachagua yeye, anamshika dereva bega, anamwambia taratibu. Paul Slovic naye 1987 akaonyesha kwamba watu hatupimi hatari kwa kuhesabu waliokufa peke yake, tunaangalia inatisha kiasi gani na inaeleweka kiasi gani. Dereva akisinzia tunaelewa kusinzia, sote tunasinzia. Kompyuta inakosea kwa namna ambayo binadamu yeyote asingekosea, na hapo ndipo damu inaposisimka. Kule Tempe, Arizona, Machi 2018, ile gari ya Google ilimgonga mama mmoja anavuka barabara usiku anakokota baiskeli akafa. Ilikuwa imeshamwona sekunde tano na kitu kabla, lakini muda wote ikawa inajiuliza huyu ni nini, mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila ikibadilisha jibu inaanza upya kukadiria anaelekea wapi. Hata mtoto wa chekechea angejua ni mtu anavuka.

Fundi Waya wa Isevya
Mwalimu ile haikuwa ya Google, ilikuwa ya Uber, ni Volvo waliyoifunga mitambo yao. Na Volvo yenyewe ina breki yake ya dharura kutoka kiwandani, Uber waliizima wakati kompyuta yao inaendesha. Tena kulikuwa na dada kwenye kiti cha dereva kazi yake kuisimamia, alikuwa anatazama video kwenye simu.

Suka Mstaafu
Vijana nawasalimu. Nimekaa kimya toka juu nasoma tu. Nimeendesha mabasi njia hizi toka enzi za vumbi tupu kutoka Tabora kwenda Kigoma mpaka macho yaliponiambia basi. Naomba mnijibu, huyo dada wa kwenye kiti alifanywa nini?

Fundi Waya wa Isevya
Shikamoo mzee. Alishtakiwa. Mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela.

Suka Mstaafu
Marahaba. Na kampuni?

Fundi Waya wa Isevya
Waendesha mashtaka walishasema 2019 kwamba kampuni haina kesi ya jinai.

Suka Mstaafu
Basi mmeona wenyewe. Kompyuta imekosea, walioizima breki wako ofisini, aliyefikishwa mahakamani ni yule aliyekaa kwenye kiti kwa mshahara. Hapo ndipo mimi nilipo. Mleta mada kasema watu wanaogopa kompyuta isiyosinzia. Hapana mwanangu. Watu wanaogopa kuumizwa na kitu ambacho hakina wa kukamatwa.

Mnyamwezi wa Cheyo
Mzee kwa heshima zote, hao wa kukamatwa ndio wanatumaliza. Dereva wa basi akiua anakimbilia porini, ndio wa kwanza kutoka dirishani, abiria tunabaki tunavutana miguu. Nyie madereva mmetuua sana jamani, mimi nimezika ndugu. Bora hiyo kompyuta, angalau haikimbii.

Suka Mstaafu
Pole kwa ndugu yako, na hili nalisema kwa moyo wote. Lakini "nyie madereva" hilo sitalipokea. Unajua dereva anakimbia kwa nini? Kwa sababu wananchi wanafika kabla ya polisi na wanafika na mawe. Hakimbii sheria, anakimbia kuuawa pale pale. Alafu twende kwenye chanzo. Sheria ipo, safari ikizidi masaa nane basi liwe na madereva wawili. Tajiri anaandika majina mawili kwenye karatasi, barabarani yuko mmoja, wa pili ni deiwaka anayepanda kwenye ukaguzi na kushuka mbele. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wamefunga vile vifaa vya kufuatilia mwendo, basi likizidi kinalia king'ora ndani kila mtu anasikia. Na nani anapiga kelele kikilia? Unadhani abiria wanasema punguza? Wanasema suka kanyaga, wenzetu wametupita! Nikitembea themanini yangu niliyoruhusiwa abiria wananiita mzee wa maziko, kesho wanakata tiketi kwa mwingine. Kwa hiyo ukiniletea kompyuta inayotembea themanini bila kuzidi hata nukta, nakwambia hao abiria wenu wataikataa wiki ya kwanza, tena sio kwa uoga, wataikataa kwa sababu haina haraka.

Binti Urambo
Mzee hapo umesema kweli tupu. Toka waruhusu mabasi kutembea usiku 2023 ndio nimeona, watu wanachagua basi kwa sifa ya kuwahi kufika, hakuna anayeulizia dereva kalala saa ngapi.

Mnyamwezi wa Cheyo
Kwa hiyo kosa la abiria sasa? Aliyekufa ndio mwenye kosa?

Suka Mstaafu
Sijasema hivyo na usinilishe maneno. Nimesema tulio ndani ya lile basi wote tuna mkono, mimi, tajiri, trafiki anayechukua chochote, na anayeshangilia siti ya nyuma. Ukimtoa mimi peke yangu ukaweka mtambo, hao wengine watatu wamebaki palepale.

Kijana wa Ipuli (mleta mada)
Jamani tunaenda nje ya mada. Nilikuwa naongelea saikolojia. Mfano kuna utafiti wa Bonnefon na wenzake wa 2016, waliuliza watu, gari ikibanwa iue abiria mmoja au waenda kwa miguu kumi, ifanye nini? Wengi wakasema imtoe sadaka abiria iokoe wengi. Wakaulizwa, sasa wewe utanunua ipi? Wakataka ile inayomlinda aliye ndani. Huo ndio ubinadamu, tunataka gari ya haki lakini mwenzangu ndio aipande. Baadaye hao hao wakatengeneza jaribio la mtandaoni la Moral Machine, matokeo yakatoka 2018, maamuzi kama milioni 40 kutoka karibu dunia nzima. Kwa ujumla watu wanaokoa wengi kuliko wachache na vijana kuliko wazee, ila nchi za mashariki kama Japani na China huo upendeleo wa vijana ni mdogo.

Bi Ujiji
Ngoja kwanza. Yaani kuna watu wamekaa wanapiga kura gari imgonge nani? Mimi ndiye huyo mwenda kwa miguu! Asubuhi niko kando ya barabara Gungu na beseni kichwani, miaka yangu sio ya kijana, sina gari na sitakuwa nayo. Huyo aliyepiga kura akiwa kakaa na kompyuta yake aliniuliza mimi? Mzee anayetoka msikitini alfajiri naye wamempigia kura? Kwetu mzee anapishwa njia, hahesabiwi kwamba amebakiza miaka michache. Mleta mada ulisema Kigoma tutatafuta mganga. Hapana mwanangu, tutauliza nani aliyeandika humo ndani kwamba maisha yangu ni ya pili. Na tukiuliza hivyo sisi ndio wenye akili kuliko hao wanaonunua.

Kijana wa Ipuli (mleta mada)
Mama yangu nisikilize, jaribio lile lilikuwa kuona watu wanafikiri nini, hakuna kampuni iliyosema gari zake zinachagua hivyo. Gari halisi kazi yake kubwa ni kupunguza mwendo na kufunga breki mapema isifike huko kwenye kuchagua.

Bi Ujiji
Kama haichagui, mbona mliuliza watu?

Mwalimu wa Nguruka
Swali la Bi Ujiji ndilo limekuwa zito kuliko mada yenyewe. Na kuna kisa kinalijibu nusu. Oktoba 2023 San Francisco mtu aligongwa na gari ya kawaida yenye dereva, akarushwa mbele ya teksi ya Cruise isiyo na dereva, ikamgonga, ikasimama, alafu kompyuta ikaamua ijisogeze pembeni, ikamburuta kama mita sita yuko chini ya gari. Binadamu angesikia kelele. Lakini kilichoiua Cruise sio kile tu, ni kwamba serikali ya California ilisema kampuni haikuwaeleza kile kipande cha kuburuta ilivyotakiwa, leseni ya kubeba abiria bila dereva ikasimamishwa mwezi huohuo, na mwisho wa 2024 General Motors, wenye Cruise, wakaacha kuweka hela kwenye teksi hizo. Watu wanaweza kusamehe mashine iliyokosea, ila aliyeficha hawamsamehi. Imani ya abiria ipo kwa wenye kampuni kuliko kwenye leza na kamera.

Mwisho wa Reli
Na hiyo ndio hoja yangu toka mwanzo. Hao waliochoma moto sio kwamba hawakuelewa teknolojia. Wameletewa kitu mtaani kwao bila kuulizwa, kinapiga picha kila kona, na faida haiingii mtaani. Wuhan nako 2024 madereva teksi walilalamika mkate wao unachukuliwa. Sasa piga hesabu Kigoma, toa madereva, makonda, wapiga debe, mama anayewauzia uji stendi ya Masanga alfajiri. Familia ngapi hizo? Ukimwona dereva anaichukia hiyo gari usimpime saikolojia, muulize ana watoto wangapi shuleni.

Mnyamwezi wa Cheyo
Kwa hiyo tuendelee kufa ili wapiga debe wale?

Mwisho wa Reli
Tuendelee kufa nani kasema? Madereva wawili, tajiri ashtakiwe, lori liwe na taa badala ya majani. Hivyo vyote havihitaji kompyuta ya Marekani na vinaweza kuanza wiki hii.

Binti Urambo
Na dereva anayemsumbua mwanamke naye anyang'anywe leseni, ongeza hilo.

Mwisho wa Reli
Nimeongeza dada.

Fundi Waya wa Isevya
Mimi naomba mtu mmoja ajibu suala la bima kwa sababu hilo ndilo litaamua kama hizi gari zitapanda lami yetu. Leo gari ina bima ndogo, dereva akikugonga unajua mlolongo, polisi, mahakama, bima. Gari inayojiendesha ikigonga mtu Sikonge, dereva ni nani? Mwenye gari aliyelala nyumbani? Aliyeandika programu? Mimi fundi niliyefuta kamera yake vumbi asubuhi? Mtanikamata mimi kwa sababu niko karibu.

Mwalimu wa Nguruka
Uingereza wameshatunga sheria mwaka 2024. Gari ikiwa imekabidhiwa kujiendesha na ikavunja sheria za barabarani, aliyekaa ndani hashtakiwi kwa uendeshaji ule, kampuni iliyoidhinishwa ndiyo inabeba kosa. Kwetu hakuna kifungu cha namna hiyo. Sheria zetu za barabarani zinamtafuta dereva, na dereva ni mtu.

Suka Mstaafu
Hiyo ya Uingereza naikubali kwa mikono miwili. Ila sioni kwa nini tungoje kompyuta. Kama inawezekana kumbebesha mwenye kampuni kosa la mtambo wake, inawezekana leo kumbebesha tajiri kosa la ratiba yake. Mleta mada wewe unayesoma sana, andika hiyo ipelekwe kwa mbunge, mimi nitaweka sahihi yangu na nitawatafuta madereva wenzangu wa Tabora na Kigoma tuweke wote.

Kijana wa Ipuli (mleta mada)
Mzee naandika. Lakini nitaweka na kipengele cha gari zinazojiendesha humohumo, zikija sheria iwe imezitangulia.

Bi Ujiji
Weka na wenda kwa miguu. Tuanze sisi.